Mtazamaji Hulelewa: Tamasha la Ann Arbor na Uhai wa Filamu Fupi za Majaribio



Kila tunapokutana kuzungumzia sinema, mazungumzo humwelekea mtengenezaji. Atumie kamera gani? Fedha atazipata wapi? Nani atainunua kazi yake? Ni maswali ya haki. Leo, kwa ruhusa yenu, nitaanzia upande wa pili wa ukumbi, kwa yule aliyeketi gizani akiielekea skrini. Naamini kwamba filamu fupi isiyofuata mazoea huishi kwa ajili ya mtu huyo. Akiwapo, akawa na mazoea ya kutazama kazi ngumu, na akarudi mwaka baada ya mwaka, filamu hizo hustawi hata pasipo soko. Asipokuwapo, hufa hata zikiwa zimetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu. Na mtu huyo hazaliwi akiwa hivyo. Hulelewa.

Ushahidi wangu mkuu nitautoa Ann Arbor, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan, Marekani. Hapo tangu mwaka 1963 hufanyika tamasha la filamu za majaribio ambalo ni kongwe kuliko yote ya aina yake katika Amerika ya Kaskazini. Halikuanzishwa na kampuni kubwa wala na serikali, na halina zulia jekundu la Hollywood. Lakini limedumu kwa zaidi ya miaka 60, na sababu za kudumu kwake zinatuhusu.

Filamu hizi ni zipi?

Wengi wetu tumezoea filamu yenye shujaa, adui, mgogoro na suluhisho, ya dakika 90 au zaidi. Zipo filamu fupi zinazopita njia hiyohiyo kwa mwendo mfupi, na baadhi yake ni nzuri sana. Ninazozungumzia leo ni zile zinazorudi nyuma hadi kwenye swali la msingi: picha na sauti, zikiachwa huru, zinaweza kufanya nini?

Mwaka 1963, mwaka uleule tamasha la Ann Arbor lilipoanza, Stan Brakhage alitengeneza Mothlight bila kutumia kamera. Alikusanya mabawa ya nondo, majani na petali za maua, akavibandika katikati ya tepe mbili nyembamba zenye upana wa milimita 16, kisha vikachapishwa kwenye mkanda wa filamu. Projekta inapowashwa, mabawa yaliyokufa hupita mbele ya taa kwa kasi, na kwa dakika chache mtazamaji huona kitu kinachofanana na uhai.

Mwaka mmoja kabla yake, Mfaransa Chris Marker alitoa La Jetée, filamu ya dakika 28 iliyojengwa kwa picha mnato. Kuna mara moja tu ambapo picha inajongea: mwanamke anafumbua macho. Kwa kuwa tumekaa muda mrefu na picha zisizosogea, kope zile zinapofunguka tunashtuka kuliko tunavyoshtushwa na milipuko ya filamu za mapigano. Nako Kanada, mwaka 1952, Norman McLaren alikuwa ametengeneza Neighbours, dakika nane za majirani wawili wanaopigana hadi kuuana kwa sababu ya ua moja lililoota mpakani. Aliwapiga waigizaji picha mojamoja, kama mtu anayechezesha vikaragosi, na sauti nyingi za filamu hiyo alizipata kwa kuuchanja ukingo wa mkanda wenyewe.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mbele ya kazi kama hizi, hata mwenye macho huhitaji mtu wa kumwambia: tazama tena. Mara ya kwanza huona vurugu au huona utupu. Mara ya tatu huanza kuona mpangilio, na siku moja hugundua kwamba hasubiri tena hadithi. Anaangalia mwanga, anasikiliza ukimya, anahesabu mapigo ya picha. Badiliko hilo ndani ya mtu haliletwi na tangazo la biashara. Huletwa na kurudi tena na tena mahali pamoja.

Mtangulizi: klabu ya watazamaji New York

Ann Arbor haikuota jangwani. Mwaka 1946 Maya Deren, ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa ametengeneza Meshes of the Afternoon pamoja na mumewe Alexander Hammid nyumbani kwao Los Angeles, alikodi ukumbi mdogo wa maigizo wa Provincetown Playhouse, New York, ili aonyeshe filamu zake mwenyewe. Hakusubiri msambazaji. Kati ya waliovutiwa na ujasiri huo alikuwamo Amos Vogel, kijana aliyezaliwa Vienna na kuikimbia Austria mwaka 1938. Mwaka 1947, katika ukumbi huohuo, yeye na mkewe Marcia walianzisha Cinema 16.

Cinema 16 ilikuwa klabu ya wanachama, na hapo ndipo penye somo. Sheria za New York za wakati ule zilitaka filamu ya kuonyeshwa hadharani ipate kwanza kibali cha wakaguzi. Klabu ya wanachama waliolipa ada ilikuwa nje ya sharti hilo. Kwa hiyo ada ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilileta fedha kabla ya msimu kuanza, na ilileta uhuru. Vogel hakuwauliza wanachama wanataka kuona nini. Jioni moja aliweza kuweka pamoja filamu ya sayansi, filamu ya uchunguzi wa wagonjwa wa akili, katuni na shairi la picha, kila moja ikiipa nyingine maana mpya. Ilipofikia kilele chake, klabu ilikuwa na wanachama wapatao 7,000. Hawa hawakuzaliwa wakipenda filamu za majaribio. Walilelewa, msimu hadi msimu.

Cinema 16 ilifungwa mwaka 1963. Mwaka huohuo, katika mji mdogo mbali na New York, mlango mwingine ulifunguliwa.

Manupelli na mkanda wa milimita 16

George Manupelli alikuwa mchoraji, mtengenezaji wa filamu na mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alianzisha tamasha katika ukumbi wa mihadhara wa shule ya usanifu majengo, na kwa miongo kadhaa lilishikilia sharti moja: filamu zote ziwe za mkanda wa milimita 16.

Sharti hilo lilikuwa na maana ya kijamii. Milimita 35 ulikuwa mkanda wa viwanda vya sinema, wenye kamera nzito na gharama kubwa. Milimita 16 ulikuwa mkanda wa shule, wa wanahabari, wa watu binafsi. Kamera ya Bolex ilitiwa nguvu kwa kuzungushwa mkono wa springi; ukiijaza yote, ilikwenda kwa takriban nusu dakika kabla ya kusimama. Roli ya futi 100 ilikwisha kabla ya dakika tatu kutimia, na sauti ilibidi irekodiwe kando. Kwa sababu hizo filamu nyingi za kizazi kile zina vipande vifupi, mikato ya haraka na sauti isiyolingana na midomo. Waliogeuza upungufu wa chombo kuwa mtindo walifanya hivyo kwa sababu palikuwa na mahali pa kuupeleka mtindo huo, na watu waliokuwa tayari kuutazama.

Tangu mwanzo tamasha hilo halikuwa la skrini peke yake. Mwaka 1966 Andy Warhol alikuja na kundi la muziki la Velvet Underground, na picha zake zikachanganywa na muziki na taa za jukwaani. Mwaka 1977 filamu fupi ya bendi ya Devo, wakati huo vijana wa Ohio wasiojulikana, ilipata tuzo hapo. Kwa miaka mingi wamepita kwenye skrini hiyo Kenneth Anger, Yoko Ono, Agnès Varda, Barbara Hammer, George Lucas na Gus Van Sant. Baadhi yao walikuja kuwa majina makubwa duniani. Wengine walibaki wasanii wa watu wachache, na tamasha halikuwaona kuwa wameshindwa kwa sababu hiyo.

Jambo jingine lilifanyika mapema: kuanzia mwaka 1964, baada ya tamasha kwisha, filamu zilizochaguliwa zilifungwa na kupelekwa miji mingine kama programu ya safari. Safari hiyo inaendelea hadi leo. Mtu wa mji wa mbali ambaye hangeweza kufika Michigan aliletewa tamasha mlangoni pake, naye akaanza kulelewa.

Ukumbi uliookolewa na wapenzi wake

Mwaka 1980 tamasha liliondoka katika kumbi za chuo, likawa taasisi inayojitegemea isiyo ya kibiashara, na likahamia Michigan Theater.

Jengo hilo lilifunguliwa Januari 1928, enzi za filamu zisizo na sauti, likiwa na kinanda kikubwa cha mabomba cha Barton cha kusindikiza picha. Kufikia mwaka 1979 kampuni iliyoliendesha ilikuwa inaondoka, na ulikuwapo mpango wa kuligeuza kuwa maduka. Wananchi walikataa. Waliokuwa mstari wa mbele ni watu wa kujitolea waliokuwa wakikitunza kinanda kile kwa mapenzi tu. Waliunda taasisi ya kijamii, mji ukawaunga mkono, ukumbi ukabaki ukumbi. Leo ni nyumba ya sinema za kisanaa mwaka mzima, na kinanda bado kinapigwa.

Naomba tulitafakari tukio hili. Jengo halikuokolewa na mwekezaji, kwa kuwa kwa hesabu za mwekezaji maduka yangelipa zaidi. Liliokolewa na watazamaji. Na mwaka mmoja baada ya kuokolewa, lilikuwa na nafasi ya kulipokea tamasha ambalo halikuwa na kwao. Watazamaji waliolea ukumbi, na ukumbi ukalea tamasha.

Machi 2020 nguvu ya watazamaji hao ilionekana kwa namna nyingine. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga kumbi zote siku chache kabla ya tamasha la 58, waandaaji hawakuliahirisha. Walilirusha mubashara kwenye intaneti kwa saa zilezile zilizopangwa, mazungumzo na wasanii yakiwemo. Lilikuwa miongoni mwa matamasha ya mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo. Kwa kushika saa zilezile, walijaribu kuokoa jambo ambalo intaneti kwa kawaida huliua: watu wengi kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Uhuru wa kuchagua una gharama

Mwaka 2006 baadhi ya wabunge wa jimbo la Michigan walilalamikia maudhui ya filamu zilizoonyeshwa na tamasha hilo, na ruzuku ya jimbo ikasitishwa. Kanuni za ruzuku za wakati huo zilikataza fedha hizo zisigharamie kazi zinazoonyesha tendo la ndoa, zinazodhalilisha bendera au zinazodhalilisha alama za dini. Waandaaji wangeweza kunyamaza, wakaondoa filamu chache, wakarudi kupokea fedha. Badala yake waliziacha fedha hizo, wakawaomba wapenzi wa tamasha wachangie wenyewe, na mwaka 2007 wakaenda mahakamani wakisaidiwa na chama cha kutetea haki za kiraia. Bunge la jimbo lilibadilisha kanuni kabla mwaka haujaisha, na tamasha likaondoa kesi.

Mtu anaweza kutofautiana na waandaaji kuhusu filamu hii au ile. Mimi mwenyewe nina mipaka yangu, na najua jamii yetu ina yake. Lakini hoja iliyokuwa mezani ni nani anayeshika ufunguo wa uchaguzi. Mfadhili akianza kuchagua filamu, kamati ya uchaguzi hugeuka kuwa karani wake. Kibaya zaidi, wasanii hujua, na mwaka unaofuata hawaleti tena kazi ya ujasiri. Hujikagua wenyewe kabla ya kukaguliwa.

Wajerumani walilijua hilo mapema. Katika mji wa viwanda wa Oberhausen, Hilmar Hoffmann, aliyekuwa mkuu wa kituo cha elimu ya watu wazima, alianzisha tamasha la filamu fupi mwaka 1954. Sikilizeni asili yake: elimu ya watu wazima. Tarehe 28 Februari 1962, katika tamasha hilo, vijana 26 wa sinema, Alexander Kluge na Edgar Reitz wakiwemo, walitia saini tamko lililosema kuwa sinema ya zamani imekufa. Walidai uhuru dhidi ya mazoea ya kiwanda cha filamu, dhidi ya washirika wa kibiashara na dhidi ya makundi ya masilahi. Walieleza pia kwamba filamu fupi imekuwa shule na uwanja wa majaribio wa filamu ndefu. Mwaka 1965 mfuko wa kusaidia filamu za vijana ulianzishwa Ujerumani Magharibi, na kutoka katika vuguvugu hilo ikatokea sinema mpya ya Kijerumani iliyojulikana dunia nzima. Mlango wa yote hayo ulikuwa tamasha la filamu fupi katika mji ambao hakuna mtalii aliyeutafuta.

Namna mtazamaji anavyolelewa

Sasa niseme kidogo juu ya kazi isiyoonekana, yaani kupanga programu. Tamasha kama la Ann Arbor hupokea maelfu ya filamu. Wachaguzi huzitazama kwa miezi, kisha huzipanga katika maonyesho ya takriban saa moja na nusu, kila onyesho likiwa na filamu kadhaa.

Mpangilio ni nusu ya maana. Filamu ya kelele na mwanga unaomulika ikiwekwa baada ya filamu ya ukimya, huiua ile iliyotangulia; watu hutoka wakikumbuka kelele. Filamu ngumu ya dakika 20 ikiwekwa mwanzoni, nusu ya ukumbi huchoka kabla ya katikati. Mpangaji mwenye busara huanza na kazi inayomkaribisha mtazamaji, humwongezea ugumu kidogo kidogo, humpa mahali pa kupumzika, na kazi yenye uzito zaidi huiweka pale anapojua kwamba macho yameshafunguka. Mwalimu bora wa madrasa hufanya vivyo hivyo: hamwanzishi mtoto kwa sura ndefu.

Baada ya onyesho, mtengenezaji husimama mbele ya watu na kuulizwa. Mtazamaji husikia kwamba kile kivuli alichokidhani ni kosa kilikusudiwa, na mtengenezaji husikia kwamba kile alichokikusudia hakikufika. Wote wawili huondoka wamefunzwa. Na kwa kuwa filamu ni fupi, anayechukizwa na moja anajua kwamba baada ya dakika sita itakuja nyingine. Ufupi humpa mtazamaji ujasiri wa kukaa na jambo asilolielewa. Filamu ndefu haimpi nafasi hiyo.

Na sisi?

Ndugu zangu, sisi hatuanzi mikono mitupu. Zanzibar ina tamasha lake la kimataifa la filamu la nchi za jahazi, ambalo tangu mwaka 1998 limewakusanya watu usiku ndani ya Ngome Kongwe. Wapo pia watengenezaji. Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009: dakika 21 za ulimwengu ujao wenye uhaba mkubwa wa maji, zilizotazamwa katika matamasha makubwa na kuonyesha kwamba filamu ya kubuni mustakabali inaweza kuwa yetu. Mtanzania Amil Shivji alifanya Shoeshine, filamu fupi ya mwaka 2013, kabla ya kufika kwenye filamu ndefu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021. Filamu fupi ilikuwa shule kwetu pia.

Tunayo hata mila ya kutazama kwa namna isiyo ya kawaida. Katika vibanda vya video watu waliketi kwenye mabenchi wakimsikiliza mfasiri kama Lufufu akizungumza juu ya sauti ya filamu, akiwapa wahusika majina, akieleza, akikosoa. Baadhi ya wasomi waliliona jambo hilo kuwa uharibifu wa sinema. Mimi naliona kuwa hadhira iliyokuwa tayari kuishughulikia filamu badala ya kuimeza. Wapangaji wa programu wa Ulaya wangelipa fedha nyingi wapate watazamaji wa namna hiyo.

Tulichopoteza ni kumbi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja zilikuwa na majumba ya sinema ambayo familia zilivaa vizuri kuyaendea, na mengi yamekuwa maghala, maduka, makanisa au magofu. Sinema Majestic ya Mji Mkongwe, iliyojengwa katika miaka ya 1950 baada ya ukumbi uliotangulia kuungua, ilikaa miaka mingi ikichakaa huku paa likiporomoka, na leo wapo wanaopigania ifufuliwe. Hao wanastahili kuungwa mkono na kila mtu anayejiita mpenzi wa sinema, kwa sababu Michigan Theater nayo iliokolewa na watu wa namna yao.

Kwa hiyo ombi langu halianzi na mamilioni. Tupate chumba kimoja kinachoingia giza kamili na chenye sauti safi: ukumbi wa shule, wa maktaba, wa chama cha wavuvi. Tuchague jioni moja ya mwezi isiyobadilika, watu waijue kama wanavyoijua siku ya gulio. Tuwaombe watazamaji ada ndogo ya uanachama, ili wawe wenye mali na wasiwe wageni waalikwa. Filamu zichaguliwe na kamati ndogo inayojulikana kwa majina, na mfadhili yeyote akaribishwe kwa maandishi yanayosema kwamba hatachagua filamu. Kila jioni iwe na angalau kazi moja ambayo hatujaielewa bado. Mtengenezaji alipwe, hata kama ni kidogo, kwa sababu anayealikwa bure kila siku hatimaye huacha kuja. Na mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili, ili bibi aliyemleta mjukuu wake aweze kuuliza swali.

Baada ya mwaka mmoja jambo hili litaonekana dogo, na watakuwapo wa kutuuliza faida yake iko wapi. Tusiwajibu kwa hasira. Tuwakaribishe waketi, tuzime taa, tuendelee. Wanafunzi mlioko hapa, msisubiri tamasha liwaite: anzeni kutazama pamoja mwezi huu, na mlinde jioni hiyo kama mnavyolinda mtihani. Wenye kumbi mlioko hapa, tupeni usiku mmoja kwa mwezi. Sinema yetu itapata watengenezaji jasiri siku itakapokuwa na watazamaji jasiri, na kazi ya kuwalea iko mikononi mwetu, si mwa mtu mwingine.